Mvua haina kosa: barabara nayo ni mshahara

Wandugu wachimbaji, wamama na wababa wa machimbo, kila mwaka mvua ikianza mwezi wa tatu, tunasikia neno moja kwa midomo ya watu wote, kutoka Kasenyi mpaka Mongbwalu: "Ni mvua." Unga umepanda bei? Ni mvua. Mgonjwa amefia njiani? Ni mvua. Makuta ya kazi imechelewa siku kumi? Ni mvua. Hata sisi wa sendika tumezoea kusema vile. Tukiwa kwenye mkutano tunazungumza mshahara, viatu na kofia za kazi, na namna PDG wa shimo anavyogawanya mchanga. Lakini barabara tunamwachia Mungu.

Mwezi wa ine uliopita tulifanya safari ya siku tano. Tulikuwa watu wanne, na kazi yetu ilikuwa kuonana na wachimbaji kule waliko, si kuwangojea ofisini Bunia. Tulishuka ziwani, tukapanda Mongbwalu, tukaenda mpaka kwenye mlango wa pori kule Komanda. Mvua ilitunyeshea kila siku. Na tulirudi na wazo moja ambalo tunataka kuwaambia leo bila kuzunguka: mvua haina kosa. Barabara ni sehemu ya mshahara wetu, na kuna watu wanaoikata kila mwaka, na sisi tunanyamaza.

Tulianzia ziwani juu chakula cha mchimbaji mingi kinaanzia kule. Samaki ya chumvi inayopikwa kwenye kambi za Mongbwalu inatoka Kasenyi na Tchomia. Sabuni, mafuta na vitu vingine vinavuka ziwa Albert kwa mtumbwi kutoka Uganda, upande wa Ntoroko, na kufika pale pale. Toka Bunia mpaka Bogoro ni karibu kilomita 25, na baada ya pale barabara inaanza kushuka ukuta wa milima. Bunia iko juu, zaidi ya metre 1200. Ziwa liko chini, kama metre 620. Hebu fikiri maji ya mvua yanayoshuka urefu ule kwa mara moja, na chini yake kuna barabara ya udongo isiyo na mfereji. Hayashuki polepole, yanashuka na mawe na udongo wote.

Lakini tuseme ukweli: pale juu mwili unachoka na macho yanapumzika. Mvua ilipokatika kidogo tuliona ziwa lote chini yetu, jeupe sawa sahani, na milima ya Uganda ngambo. Muzee mmoja aliyekuwa nasi alitukumbusha jambo ambalo tulilisoma zamani shuleni. Kwenye milima hii mvua inajigawanya. Tone linaloangukia upande wa ziwa linaingia Nili na kwenda mpaka Misri. Tone linaloangukia upande wa Bunia linaingia mto Shari, Shari inaingia Ituri, Ituri inakuwa Aruwimi, inaingia mto Kongo na kwenda mpaka bahari ya Atlantiki. Tukacheka: maji yanafika Misri bila kulipa bariere hata moja, na gunia la samaki linashindwa kufika Mongbwalu.

Kule Kasenyi tulimkuta mama mmoja anayeuza samaki kwa wachimbaji tangu miaka mingi. Tulimwuliza juu ya nini samaki yake inapanda bei wakati wa mvua, na ziwani samaki haijapungua. Alitujibu: "Baba, samaki ni ile ile. Mimi siuzi samaki, mimi nauza barabara. Gari ikilala njiani siku tatu, samaki inaharibika nusu. Ile nusu iliyoharibika, nani atailipa? Ni bibi ya mchimbaji." Hatukupata la kuongeza.

Siku ya pili tulichukua njia ya Mongbwalu. Ni karibu kilomita 80 tu kutoka Bunia. Wakati wa jua mwenye pikipiki nzuri anafika kabla ya jua kali. Wakati wa mvua hakuna anayekuambia saa ya kufika. Shofere akiulizwa anaangalia mawingu. Tulipita Iga Barrière, tukafika Nizi, udongo mwekundu ukashika magurudumu mpaka hayakuzunguka tena. Pale tuliacha kwanza barabara kubwa, tukaenda kuona Budana.

Wengi wenu mnajua jina la Budana juu ya umeme, lakini hamjafika. Mto Shari unaanguka pale kwa kelele ambayo inakufanya useme kwa sauti kubwa hata na mwenzako wa karibu. Wakati wa ukoloni kampuni ya machimbo ya Kilo-Moto ilijenga pale kituo cha umeme, sawa vile ilivyojenga Soleniama karibu na Bunia, juu ya kuendesha mashine za kuponda mawe ya zahabu. Mpaka leo umeme wa Budana unafika Bunia. Tulisimama tukaangalia. Maji yanazuiwa, yanaingizwa kwenye mabomba, yanashuka, yanazungusha mashine, kisha yanarudi mtoni na kuendelea na safari yake.

Wandugu, njo pale wazo lilitushika. Maji ya Budana na maji yanayoharibu barabara ya Nizi ni ya mvua moja. Tofauti ni kwamba kule Budana mtu alikaa chini, akafikiri, akayapa maji njia. Kwenye barabara hakuna aliyeyapa njia, basi yanajitafutia yenyewe. Maji ukiyapa njia yanakutolea mwanga. Ukiyanyima njia yanakula barabara, na nyuma ya barabara yanakula sahani ya mtoto wako. Ile kelele ya Budana inatuonyesha kwamba zaidi ya miaka 70 iliyopita watu walijua kuyaongoza maji ya Ituri wakati zahabu ilihitaji. Kumbe ujuzi haukukosekana. Kinachokosekana ni mtu wa kuona kwamba mchimbaji na familia yake nao wanahitaji.

Tuliporudi kwenye barabara kubwa, mbele ya kufika Bambu, tulikuta magari yamesimama msururu. Fuso mbili zilikuwa zimelala kwenye shimo moja la matope, moja upande huu, nyingine upande ule, na katikati palibaki nafasi ya pikipiki moja inayosukumwa na watu. Vijana wa pale walikuwa na majembe na mbao, wakidai makuta kwa kila anayepita. Tusiwatukane haraka: kama hawako, hakuna anayepita kabisa. Lakini tuliona pia, usiku ulipoingia, wengine wao wakilichimba shimo lile lile ili asubuhi kazi isiishe.

Saa kumi ya mchana ilifika pikipiki yenye watu watatu. Wa katikati alikuwa mchimbaji kijana. Udongo wa shimo ulimwangukia mguu asubuhi. Mguu ulikuwa umefungwa na mbao mbili na kitenge. Kaka yake alimshika kwa nyuma asianguke. Walikuwa wanatafuta daktari wa kupasua. Tulishuka wote, wachimbaji, wamama wa biashara, mashofere na makonvoyere, tukaibeba pikipiki ile na mgonjwa juu yake kupitisha katikati ya Fuso. Ilituchukua karibu saa moja. Mbele yake kulikuwa na matope mengine mawili ya namna ile. Baadaye tulipata habari: alifika usiku mkubwa, akaishi, lakini mguu ulikatwa. Daktari alisema angefika mapema labda ungebaki.

Ule mguu tutauandika kwenye hesabu ya nani? Ya shimo? Ya mvua? Sisi tunasema uandikwe kwenye hesabu ya barabara. Na barabara iko na wenyewe.

Tufanye hesabu sawa watu wa kazi. Gramu moja ya zahabu ni gramu moja, Mongbwalu ao Bunia. Lakini gramu ile inanunua unga kidogo Mongbwalu kuliko Bunia, na mwezi wa ine inanunua kidogo zaidi kuliko mwezi wa pili. Mchimbaji amefanya kazi ile ile, jasho ni lile lile. Ile tofauti imekwenda wapi? Imebaki njiani: kwa mafuta yaliyochomwa kwenye matope, kwa bariere za makuta, kwa mizigo iliyooza, kwa siku ambazo mtu alilala chini ya turubai. Kama tajiri angekuja kambini kusema, "Kuanzia leo tunakata mshahara wenu mpaka mwezi wa sita," tungeweka majembe chini siku hiyo hiyo. Barabara inafanya vile kila mwaka, na hatusemi kitu.

Hii deni ni ya zamani. Mwaka 1903 zahabu ilionekana Kilo, kwenye mto Agola. Mbele ya magari kufika, chakula cha wachimbaji kilibebwa kichwani. Wababu wetu walishikwa kwa nguvu katika mboka zao, wakabebeshwa mizigo mpaka machimboni, na wengi hawakurudi. Wao walilipa safari ya zahabu kwa shingo. Sisi tunalipa kwa mfuko. Zaidi ya miaka 120 zahabu inatoka, na bado njia ya kuingiza chumvi haijapatikana.

Siku ya ine tulielekea Komanda, karibu kilomita 75 kutoka Bunia. Pale njia zinagawanyika: moja inakwenda Beni, nyingine inaingia pori kubwa kwenda Mambasa, Epulu na mbele zaidi Kisangani. Upande wa Beni kuna Mont Hoyo, yenye mapango na maporomoko yanayoshuka ngazi kwa ngazi. Wazee wa Kilo-Moto wanasimulia kwamba zamani watu walikwenda kutembea pale na watoto, wakala mikate yao kando ya maji. Sisi hatukufika. Juu ya vita na mauaji, barabara zile kuna siku zinapitika paka na wasindikizaji wa jeshi. Tunaandika hili kwa uchungu: watoto wetu wa Bunia wanaona maporomoko ya inchi zingine kwenye simu, na yao yako karibu tu.

Pori linaanza pole pole. Miti inakuwa mirefu, hewa inakuwa baridi, na barabara inaingia chini ya majani sawa mtu anayeingia nyumbani. Ni kuzuri. Lakini kwa barabara ni ugonjwa, juu jua halifiki chini, na matope ya mwezi wa tatu yanaweza kukaa mpaka mwezi wa sita. Muzee mmoja wa Komanda, ambaye baba yake alikuwa kantonie, alitueleza namna kazi ilivyokuwa. Kila kantonie alipewa kipande chake cha barabara. Alikata miti pande mbili ili jua liingie, akachimba mifereji, akafukia shimo likiwa bado kubwa sawa kofia. "Leo," alisema, "mnangoja shimo limeze Fuso ndipo muandike barua."

Akatukumbusha pia bariere ya mvua. Vijana hawaijui, basi tuieleze. Mvua ikinyesha, mlinzi alishusha mti, magari makubwa yakasimama. Mvua ikikatika, walingoja masaa barabara ikauke, ndipo mti ukainuliwa. Iliudhi, lakini iliokoa barabara, juu gari lenye tani nyingi likipita mara moja kwenye udongo laini linaacha mifereji miwili, na mvua ya kesho inafanya mifereji ile kuwa mito. Leo bariere ziko nyingi kuliko zamani, lakini kazi yake imegeuka. Ya zamani ilifungwa juu ya kulinda barabara. Ya leo inafunguliwa juu ya makuta, hata mvua ikinyesha namna gani, hata Fuso ikiwa imepakia mara mbili.

Sasa tunajua jibu mtakalopewa: "Leta haina makuta." Tusome sheria pamoja. Sheria ya migodi ya mwaka 2002 iligeuzwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018. Inasema kampuni inayotoa zahabu inalipa malipo ya migodi ya asilimia 3.5. Malipo yale yanagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, sheferi ao komine pale zahabu inapotoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Tena kampuni inapashwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na kusaini nao daftari la masharti, ndani yake kunaandikwa shule, maji, afya na barabara. Na kwa barabara zote kuna FONER, mfuko wa kutunza barabara, unaokula kwenye kila lita ya mafuta tunayonunua. Basi makuta kwa sheria iko. Swali ni: ilifika? ilitumika wapi? nani alisaini?

Ni kweli pia kwamba zahabu mingi ya Ituri haipiti kwenye daftari lolote. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mwaka kwa mwaka kwamba inavuka mpaka kwa siri kwenda Uganda. Zahabu inayopita mfukoni haiachi hata kokoto moja kwenye barabara. Na hapa tujiangalie sisi wenyewe, bila haya. Sisi njo tunaouza kwa yule anayelipa haraka bila karatasi. Sisi njo tunaofuata mshipa wa zahabu mpaka chini ya barabara, tukaacha tundu, mvua ikamalizia kazi. Sisi njo tunaogeuza mito bila kufikiri itakapopita, na kumwaga zebaki kwenye maji ambayo watoto wa chini wanakunywa. Ukidai barabara mchana na kuichimba usiku, nani atakusikiliza?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache, ambayo hayangoji mkutano wa Kinshasa.

La kwanza: katika kila sekta, sheferi na komine yenye machimbo, wachimbaji na wamama wa soko watume watu wao, kwa adabu na kwa maandishi, kuuliza ile asilimia 15 imeingia kiasi gani na imefanya nini. Hesabu ibandikwe ukutani pale kila mtu anapita. Kuuliza si uasi.

La pili: makantonie warudishwe, watu wa mboka wenye kulipwa, kila mmoja na kipande chake. Wale vijana wenye majembe na mbao kwenye matope njo wa kwanza kupewa kazi hiyo. Leo wanalipwa na shimo, ndiyo maana wanalipenda. Walipwe na barabara nzuri, watailinda.

La tatu: bariere ya mvua irudi, na bariere za makuta zipungue. Na mizigo ya magari ipimwe.

La ine ni yetu. Koperative iandike katika kanuni zake kwamba hakuna kuchimba kando ya barabara wala chini yake, na PDG anayevunja afukie kwa makuta yake. Na siku moja ya salongo kila mwezi iwe ya mifereji, kabla ya mvua, si baada.

La tano, wengi hawalijui: mfanyakazi aliyeandikishwa CNSS akipata ajali akienda kazini ao akirudi nyumbani, sheria inaihesabu sawa ajali ya kazi. Sheria ya mwaka 2016 inasema vile. Msikubali kuambiwa, "Ilikuwa njiani, haituangalii." Itangazeni haraka, mkiwa na karatasi ya daktari na mashahidi. Na wenzetu wa mashimo madogo, wasio na CNSS, waweke sanduku la kusaidiana katika koperative yao, juu yule kijana wa mguu hakuwa na sanduku lolote ila mfuko wa kaka yake.

Tulirudi Bunia siku ya tano, matope mpaka kwenye masikio. Watoto walitucheka. Bibi ya mmoja wetu aliuliza tumeleta nini kutoka safari, na kweli hatukuleta kitu ila samaki mbili na habari hii. Mwezi wa nane mvua itaanza tena. Itanyesha ziwani, itanyesha Budana, itanyesha juu ya pori na juu ya mashimo yetu. Inafanya kazi yake, na hatutaiomba isinyeshe, juu inalisha mihogo na maharage yetu. Lakini kati ya leo na mwezi wa nane kuna majuma ambayo mfereji unaweza kuchimbwa na barua inaweza kuandikwa. Tuanze na barua. Majembe tuko nayo tayari.